Upande wa Mama

"Mama nawe, masikio yako yamekwisha. Wamesema Kirua."

Maneno hayo niliyasema mimi, mwezi wa pili, tukishuka kutoka Marangu kumpeleka kliniki ya presha hospitali ya KCMC. Tulikuwa hatujafika Njia Panda ya Himo. Redioni wanasoma matangazo ya vifo, na mnamjua Mama na matangazo ya vifo. Akauliza, "Marehemu wamesema ni wa wapi?" Nikamjibu hivyo. Naye akasema polepole, "Haya mama, ndiyo uzee huo." Akakaza kitenge chake, akageukia dirishani. Mpaka tunaingia Moshi hakuuliza tena. Safari zilizofuata pia hakuuliza.

Wiki hii nimehamishiwa zamu za usiku, mahari ya mdogo wangu imepokelewa, na Baba Junior amerudi kutoka Singida. Yote hayo yamenipita. Kichwani mwangu ni Kirua, Kirua, Kirua.

Jumamosi nilipeleka gari kwa fundi redio pale Majengo, maana spika ya upande wangu ilikuwa inakwaruza. Kigari chetu hakina spika za nyuma, ni zile mbili za milango ya mbele tu, zilizokuja nazo kutoka Japani. Mnakumbuka lilipofika redio ilikuwa inaishia 90, tukafungiwa kile kidude cha kuongeza masafa ndipo tukapata stesheni za kwetu. Spika hatukuzigusa.

Fundi ni kijana mtulivu. Akatoa skrubu mbili, moja nyuma ya kitasa na nyingine ndani ya kishikio, akapenyeza bapa la plastiki akaachanisha klipu moja moja, kava la mlango likatoka. Spika yangu ilikuwa ya karatasi nyeusi, na ule ukingo wa sponji unaoizunguka alipougusa ulimegeka ukabaki kwenye kidole kama makombo ya mkate. Akasema ndiyo umri wake, zote huishia hivyo.

Kisha akauliza, "Na ya kushoto, dada, tuiache?"

Nikasema ya kushoto nzima.

"Mara ya mwisho umeisikia lini?"

Sikuwa na jibu. Kushoto sikai mimi. Kushoto anakaa Mama.

Alipofungua mlango ule, ile nailoni inayobandikwa nyuma ya kava haikuwepo. Nilidhani ni takataka tu ya kiwandani, kumbe ina kazi kubwa. Mvua ikinyesha, maji yanayoteleza kwenye kioo hushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini, na nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa ndani. Mwaka juzi kuna fundi alitutengenezea kioo cha upande huo, hakuirudisha. Masika mbili zimenyeshea mle. Karatasi ya spika ilikuwa imevimba na kujikunja, waya umeota kutu ya kijani. Akapima kwa mita ukinzani wa umeme, unaohesabiwa kwa ohm: yangu ikasoma ohm 3.7, ya Mama haikusoma kitu. Akachukua betri ya saa ya ukutani, akagusisha kwenye nyaya za yangu, ikapiga "tap" na karatasi ikaruka mbele. Akagusisha ya Mama. Kimya.

Miaka miwili mama yangu amekuwa akisikiliza redio kupitia mlango wangu. Ndiyo maana alikuwa anakaa ameegemea upande wangu, bega lake karibu liguse gia, na mimi nikadhani ni mgongo. Nilimnunulia hadi mto.

Nilinunua mpya zote mbili, inchi 6 na nusu, zile zenye kispika kidogo katikati. Boksi limeandikwa wati 300. Fundi akaniambia nisiisome hiyo, redio yenyewe haitoi hata 20 za kweli kwa kila mlango. Cha kutazama ni ohm 4, na sumaku isiwe nene ikagonga kioo kikishuka. Akakata pete za plastiki ili zikae sawa. Waya wa chanya akauhakikisha kwa ile ile betri, kwamba karatasi iruke nje pande zote mbili, maana ukigeuza mmoja besi zinauana. Na nailoni akakata mpya, akaibandika kwa ile gundi nyeusi ya zamani iliyolainika juani. Nilimsimamia mpaka kona ya mwisho.

Halafu nikaingia nikakaa kushoto. Sijawahi kukaa pale tangu tulinunue. Akawasha. Sauti ya mtangazaji ilinijia gotini, safi, nikasikia hadi anavyovuta pumzi kabla ya kutaja jina. Nililia kidogo, fundi akajifanya anakusanya skrubu.

Jumapili nilimfuata Mama kanisani. Tulikuwa tunapita Marangu Mtoni, redio Sauti ya Injili wanatangaza, na Mama amekaa wima, mgongo kwenye kiti. Mara akasema, "Leo hawa watu wamesogea karibu." Na msiba wa Kilema aliudaka kabla yangu: "Huyo ni wa kwa mzee aliyekuwa na mashine ya kusaga!" Furaha aliyokuwa nayo, na huku ni msiba, Mungu atusamehe.

Nikamwambia habari ya spika. Akanyamaza kidogo. "Aa. Nilikuwa nimeshazoea."

Habari ya Kirua sijamwambia. Nilifungua mdomo mara mbili, pale kilimani na tena nyumbani tulipokuwa tunamenya ndizi, nikashindwa. Sijui kama anaikumbuka. Naogopa anaikumbuka.

Tukiwa jikoni nikaona ule mgrevilea wa nyuma umeinama zaidi tangu mvua zianze, mizizi upande mmoja imenyanyua udongo. Mwenyekiti wa kitongoji anasema tusubiri kibali cha kuukata. Usiku huu tena kuna upepo, na Mama analala chumba cha huko nyuma.