Ndovu wa Senti 20

Chai niliisahau mezani ikapoa, kwa sababu ya chenji.

Nilikuwa nimetoka kugongewa mhuri mpakani Ngwenya, baada ya karibu saa nne za kubanana kwenye kombi kutoka Johannesburg. Ngwenya kwa Kiswati ni mamba, na wazee wetu wa pwani nao mamba walimwita ngwena, kwa hiyo niliingia Eswatini nikijiona si mgeni kihivyo. Kibandani nikatoa noti ya randi 50. Muuzaji akaipokea bila swali, akanimwagia kiganjani sarafu nisizozijua. Nikamwongezea sarafu mbili za randi ili anirudishie noti, akatikisa kichwa. Noti za Afrika Kusini anachukua. Sarafu zao, hapana.

Thamani ni ileile: lilangeni moja ni randi moja, tangu walipoanza kutoa pesa yao mwaka 1974. Uhuru walipata Septemba 1968, na miaka sita ya mwanzo waliendelea kununua na kuuza kwa randi tupu. Siku za uhuru zilitolewa sarafu za fedha za kumbukumbu, mojawapo ikiitwa luhlanga, yaani unyasi, lakini jina hilo halikufika sokoni. Lililofika ni lilangeni. Moja lilangeni, mawili emalangeni. Mswahili hahitaji kufundishwa hapo: jicho lao ni liso, macho ni emehlo. Muuzaji alipoona nimepatia wingi bila kuelekezwa aliniuliza nimeishi Manzini, mji wao mkubwa, mwaka gani.

Nikazipanga mezani. Senti 10 ina muwa, na ukipita mabondeni kwao utaelewa kwa nini. Senti 50 ina nembo ya taifa, simba upande mmoja na tembo upande wa pili wakiishika ngao. Senti 20 ina kichwa cha tembo peke yake, na kingo zake zimekatwa mawimbi kama kizibo cha soda, unaijua kwa kidole hata umeme ukikatika. Upande wa pili Mfalme Mswati III, kijana, na jina la nchi bado ni Swaziland. Nchi ilibadilishwa jina Aprili 2018, ila chuma hakisikilizi hotuba. Sarafu za zamani zinaendelea kununua nyanya.

Ile ya lilangeni moja, ndogo ya manjano, ndiyo iliyonishika. Mbele mfalme, nyuma mwanamke. Nikamuuliza muuzaji ni mkewe yupi. Akanitazama kama niliyetukana. "Huyo ni mama yake. Indlovukazi."

Ndovu! Neno ambalo Dar es Salaam siku hizi tunalisikia zaidi kwenye chupa ya bia. Mfalme wao anaitwa Ingwenyama, simba. Mama yake ni Indlovukazi, ndovu jike, na kwa mila yao wawili hao wanashika nchi pamoja. Nikairudia senti 50 nikaona nilichokuwa nimekitazama bila kukisoma: simba na tembo wa kwenye nembo si wanyama wa mbugani, ni mtu na mama yake. Mimi nimezoea sarafu zetu, ile ya shilingi 500 ina Karume mbele na nyati nyuma, na hakuna anayedhani nyati yule ni mzazi wa mtu.

Toka Mbabane barabara inashuka mlima Malagwane kwa mteremko mkali hadi bonde la Ezulwini. Masikio yaliziba, breki zikanuka, nikafumba macho. Lobamba nilisimama kwenye bustani ya kumbukumbu ya Mfalme Sobhuza II, baba yake Mswati. Alirithi kiti akiwa mtoto mchanga mwaka 1899, akatawazwa 1921, akafariki Agosti 1982. Sanamu ni kubwa, jua lilikuwa kali kuliko sanamu.

Soko la Manzini ndilo nililolifuata. Nilinunua kikapu cha nyasi kwa mama mmoja mtu mzima. Make, ndivyo wanavyomwita mama huko, nami nikamwita hivyo hivyo. Alipoona nazigeuzageuza sarafu kabla ya kulipa, akacheka, akavuta kopo la majani ya chai kutoka chini ya meza.

Ndani mlikuwa na pesa za Sobhuza. Senti 1 yenye nanasi. Senti 2 ya shaba, ya mraba, pembe zimeviringwa, ina miti. Sarafu nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na aliyeiacha ikafa sijui alikuwa anafikiria nini. Halafu akanipa lilangeni ya 1974. Ilikuwa nzito, nyeupe, pana, ile ya manjano niliyokuwa nayo ingekaa juu yake na nafasi ikabaki. Mbele Sobhuza. Nyuma mwanamke na mtoto.

"Huyu naye ni Indlovukazi?"

"Huyo ni mama tu," akasema. "Yeyote."

Mama na mwanawe walikuwa wamechakaa kwa vidole, uso wa mama umekuwa laini kama sabuni. Nikaziweka mbili hizo sambamba kwenye kikapu. Sobhuza alipofariki nchi ilishikwa na wanawake, kwanza Malkia Dzeliwe, halafu Ntfombi, mpaka Mswati alipotawazwa Aprili 1986 akiwa na miaka 18. Ntfombi ndiye mama yake, na ndiye aliye nyuma ya ile ya manjano. Nafasi ileile, mama yeyote ametoka, mama mmoja ameingia.

Nikauliza, "Yimalini, make?" Nikaonyesha ile nyeupe.

Akaifunga kiganjani. Alipewa mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza, haiuzwi. Kikapu emalangeni 120, hakupunguza hata moja.

Siku mbili baadaye nilikuwa Johannesburg, nimekaa nyuma kabisa kwenye kombi ya mjini. Huko nauli haina konda: unampa aliye mbele yako, naye anampa aliye mbele yake, mpaka ifike kwa dereva. Nikahesabu nikapitisha. Kidogo nikaona sarafu moja inarudi. Mwanafunzi wa kiti cha mbele aliigeuza, akampa mzee. Mzee akaisogeza kwenye miwani, akampa dada aliyebeba mtoto. Dada akaitazama kidogo zaidi, kisha akanyoosha mkono nyuma.

"Kaka, hii si ya huku."

Nikapitisha randi. Indlovukazi nikamrudisha mfukoni.