Siku mbili Mombasa: hesabu vivuko kwanza

Mgeni wa mara ya kwanza Mombasa hupotezea muda wake pahali pamoja: kwenye maji. Analala Bamburi, asubuhi anaenda Fort Jesus, mchana anataka kula Diani, jioni arudi Nyali kuogelea, na ikifika usiku alichokiona vizuri ni matako ya lori. Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hiki kina milango mitatu. Kaskazini kuna daraja la Nyali, la kwenda Kongowea, Bamburi na Mtwapa. Magharibi kuna Makupa, njia ya Changamwe, uwanja wa ndege wa Moi na stesheni ya SGR, reli ya kutoka Nairobi, iliyoko Miritini. Kusini hakuna daraja, kuna feri ya Likoni, njia ya Ukunda na Diani. Kila mlango huziba kwa saa zake. Ukiwa na siku mbili tu, siku ya kwanza usitoke kisiwani kabisa, na siku ya pili vuka mlango mmoja, basi.

Kufika kwenyewe kuna mitego. Tiketi ya SGR hukatwa kwa simu kupitia *639# na kulipiwa kwa M-Pesa, na jina litakaloandikwa lazima lilingane na kitambulisho au pasipoti utakayoonyesha stesheni. Nauli zilipandishwa Januari 2024: shilingi 1,500 daraja la kawaida, 4,500 daraja la kwanza. Wikendi, sikukuu na wakati shule zinapofungwa, daraja la kawaida huisha siku kadhaa kabla. Treni za kutoka Nairobi huandikwa 08:00, 15:00 na 22:00, na hapa ndipo watu hupigwa na saa: 08:00 ni saa mbili asubuhi. Yuko anayesoma 08 akasema "saa nane", akaja stesheni mchana na tiketi iliyokwisha kufa. Safari ni kama saa tano hadi sita. Ile ya saa nne usiku inakushusha Miritini kabla ya alfajiri, wakati hoteli haina chumba cha kukupa na wewe huna usingizi. Kwa ziara fupi, panda ya asubuhi.

Kutoka Miritini hadi mjini ni kama kilomita 15. Matatu huisubiri treni nje. Ukichukua teksi, elewana bei kabla mzigo haujaingia buti. Anayekwenda Diani moja kwa moja hana haja ya kuingia kisiwani hata kidogo: barabara ya Dongo Kundu hutoka upande wa Miritini, ikapita madaraja ya Mwache na Mteza, na kutokea kwenye barabara ya Likoni na Ukunda. Madereva wengine bado watakupitisha feri kwa mazoea tu. Wewe itaje Dongo Kundu mapema.

Wanaotoka Dar es Salaam au Tanga kwa basi huingilia Horohoro na Lungalunga, kisha Ukunda, na basi likipitia Likoni hukutana na feri kabla ya kuuona mji. Abiria hushuka, wakavuka kwa miguu, wakalikuta basi lao ng'ambo. Kariri namba ya basi, rangi pekee haitoshi.

Feri yenyewe huenda usiku na mchana. Mtu wa miguu halipi kitu. Gari ndilo linalolipa. Unasubiri kwenye banda, geti linafunguliwa, umati unateremka mteremko, mnaingia. Mteremko ule huwa na maji ya chumvi na utelezi, kwa hiyo ndara laini si kiatu cha siku hiyo. Mkoba uwe mbele ya kifua. Simu ibaki mfukoni, kwa sababu picha haziruhusiwi pale na walinzi hawana mzaha. Asubuhi, tangu saa kumi na mbili hadi kama saa tatu, watu wa Likoni wanakuja kisiwani kazini. Jioni, tangu saa kumi hadi saa mbili usiku, wanarudi. Ukilala kisiwani na kwenda kusini asubuhi, unapishana na mkondo wa watu, na hilo ni jema. Kosa ni kurudi saa kumi na moja jioni ukiwa na gari, maana foleni ya magari haina huruma. Matatu hazivuki na abiria wao: za mjini huishia kituo cha Ferry, na za Ukunda huanzia Likoni, juu ya mteremko. Kutoka Ukunda unachukua tuktuk au boda hadi ufuoni Diani. Kwa siku moja inawezekana, lakini ukienda Diani usitie kitu kingine chochote ndani ya siku hiyo.

Siku ya kisiwani ianze Fort Jesus saa mbili asubuhi, ngome inapofunguliwa. Ndani kivuli ni haba, na ikifika saa tano jiwe linatoa joto kama tanuri. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala: kichwa upande wa bahari, mikono na miguu kwenye pembe. Waomani waliizingira tangu 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikawa makumbusho. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Wageni wengi huzunguka ukuta, wakapiga picha na mizinga, wakatoka baada ya nusu saa. Hiyo ni hasara. Toa saa mbili. Tafuta michoro ya meli na watu iliyochorwa ukutani na Wareno wenyewe, tafuta ukumbi wa Mazrui, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati ngome ingali imezingirwa. Ukianza na chumba cha maonyesho ndipo upande ukutani, ukuta utakuwa na maana.

Langoni utakutana na watembezaji. Wako wanaojua mambo sana, na wako wanaokariri hadithi tatu. Shida haiko kwenye elimu yao, iko kwenye bei isiyotajwa: mtu anaanza kutembea nawe, anaeleza mlango huu na ule, na mwisho wa mtaa anadai pesa. Ukimtaka, uliza kwanza ni kiasi gani, kwa muda gani, kwa watu wangapi. Usipomtaka, sema "asante, twatembea tu" na uendelee bila kusimama. Ukisimama, mazungumzo yameanza.

Mji wa Kale uko ubavuni mwa ngome, na hauhitaji ramani. Shika Ndia Kuu (ndia ni njia, kwa Kimvita) ukiangalia juu zaidi ya chini: roshani za mbao, milango ya nakshi, majina ya wenyewe. Msikiti wa Mandhry, unaosemwa ni wa 1570, utaujua kwa mnara wake mweupe uliochongoka. Ukipotea, teremka: utatokea bandari ya kale. Ukipanda, utatokea Digo Road. Hii ni mitaa ya watu, wanalala na kupika humo, kwa hiyo salamu hutangulia kamera, na akina mama waliovaa buibui hawapigwi picha bila ruhusa. Mabega na magoti yafunikwe; leso (kanga) moja begani inatosha. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa swala. Mwezi wa Ramadhani migahawa ya mtaani hulala mchana, ikafufuka baada ya magharibi, na kwa kweli hiyo ndiyo saa nzuri ya kula Mombasa.

Ukishamaliza mji, pita Marikiti kwa viungo, kisha Biashara Street kwa leso. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na havijapindwa: omba vikatwe na kupindwa hapo hapo, mafundi hawako mbali. Soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kununua. Kumpelekea mama mkwe leso nzuri yenye jina la mafumbo ni ugomvi wa kununua kwa pesa zako. Na uwe na kikapu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Pembe za Ndovu za Moi Avenue ni dakika kumi. Zipo nne, ni bati la alumini, zinapishana juu ya barabara na kufanya herufi M. Picha ya katikati ya barabara waachie wanaopenda kugongwa. Simama upande wa bustani.

Saa kumi na nusu jioni chukua tuktuk hadi Mama Ngina, bustani ya ukingoni mwa bahari ambayo wenyeji huiita Lighthouse. Tuktuk hubeba abiria watatu, na mahali pengi unalipia chombo kizima, si kiti, hivyo uliza "ya kukodi au ya abiria?" kabla ya kupanda. Ukitaka kujua bei ya kweli, muulize muuza duka, usimuulize dereva. Pale Mama Ngina kaa kwenye ukuta unaotazama mlango wa Kilindini, na meli za makontena zitapita karibu hadi unasoma maandishi yake. Kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, dafu, viazi karai. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla ya Fort Jesus, uwe umekula mahamri kwa mbaazi za nazi. Hicho ndicho chakula cha kuanzia mji huu, mayai ya hotelini yapo kila mahali.

Siku ya pili, kama si Diani, ni daraja la Nyali. Vuka baada ya saa tatu asubuhi, msukumo wa kuja kisiwani ukishapoa, kwa matatu ya Bamburi au Mtwapa. Mvua ikinyesha nauli hupanda papo hapo, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa na uwe na chenji. Haller Park, iliyooteshwa kwenye machimbo ya saruji kazi ikianza 1971, inawafaa wenye watoto, kwa ajili ya twiga. Asiye na watoto aende Mtwapa kwenye magofu ya Jumba la Mtwana: mji wa karne ya 14, misikiti na visima chini ya mibuyu, bahari mbele, na mara nyingi huna wa kugombania naye kivuli. Kutoka barabara kuu chukua boda, na kubaliana naye aje kukuchukua.

Ufuo wa Nyali na Bamburi uendee kwa mwezi, usiuendee kwa saa ya mkononi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa mbali hadi miamba iko nje. Kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka na asubuhi ndiyo yenye maji, ingawa ni maji mafu, hayajai sana wala kukupwa sana. Mgeni anayefika saa nne ya bamvua na taulo begani huona mwani na mawe, akasema bahari ya Mombasa haina lolote. Maji yakiwa yamekupwa, tembea mwambani na viatu, usikanyage peku.

Kurudi kwa treni ya saa tisa alasiri, toka kisiwani saa sita. Makupa hadi Miritini ni njia ya malori ya bandari, na stesheni mizigo hupangwa chini, mbwa wakainusa, kisha ikapita mashine. Saa nzima inaweza kuishia hapo. Visu vilivyonunuliwa kama zawadi havivuki. Mabuyu na achari huvuka, ila yafunge mara mbili: rangi nyekundu ya mabuyu ikigusa nguo nyeupe haitoki.