Maumivu ya kifua, asprini, na watu 17,187

Mimi nauza dawa huku Nyakato, na kama kuna jambo moja ningeomba kila mtu wa Mwanza alijue kuhusu moyo ni hili: dawa ya kwanza ya mshtuko wa moyo ni asprini, hii hii ya siku zote, kidonge chake hakifiki hata nauli ya daladala, na tunajua inaokoa watu sio kwa sababu kuna daktari mkubwa kasema, ni kwa sababu maelfu ya wagonjwa walikubali kuingia kwenye utafiti huku wamelala kitandani na maumivu yao.

Niseme kwanza ninachokiona dukani. Anakuja baba wa makamo, jasho linamchuruzika hata kama ni asubuhi na upepo wa ziwani unapuliza, ngumi kaikandamiza katikati ya kifua, anasema mwanangu nipe dawa ya gesi, dagaa za jana usiku zimenikaa vibaya. Shikamoo baba, maumivu yameanza saa ngapi, yanaenda mkononi, yanapanda kwenye taya? Marahaba, yameanza alfajiri, huu mkono wa kushoto mzito kidogo, pumzi inakata, lakini ni gesi tu mwanangu, hata siku ile nilimeza magnesiamu ikaisha. Huyo simuuzii magnesiamu. Namkalisha, namuuliza kama amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi, kama asprini inamdhuru, na kama hana tatizo hilo namtafunisha kidonge, atafune sio ameze na maji, halafu naita kijana wa bajaji ampeleke hospitali yenye ECG, kile kipimo cha kusoma umeme wa moyo. Wengine wanakubali. Wengine wananikasirikia kabisa, wanasema namtafutia mtu ugonjwa, wanavuka barabara kununua hiyo dawa ya gesi duka la pili, na hapo mimi roho inaniuma mpaka jioni.

Kinachotokea mle ndani mtu akipata mshtuko wa moyo ni hivi. Moyo wenyewe nao unalishwa damu na mishipa yake, myembamba tu, na kwa miaka mingi mafuta yanajijenga kwenye kuta za hiyo mishipa bila mtu kusikia chochote, kisha siku moja ile sehemu yenye mafuta inapasuka, mwili unadhani kuna kidonda, damu inaganda pale pale na kuziba njia. Nyama ya moyo iliyokuwa inategemea mshipa huo inaanza kufa, haifi yote kwa mkupuo, inakufa dakika kwa dakika, ndo maana hili suala la kusubiri kwanza tuone mpaka kesho linanitisha sana.

Na usifikiri madaktari walilijua hili tangu zamani. Walibishana miaka, wapo waliosema moyo unakufa kwanza ndipo damu inaganda baadaye. Mwaka 1980 daktari mmoja, DeWood, na wenzake kule Spokane Marekani wakatoa majibu ya kitu ambacho wengi waliogopa kukifanya, waliwapiga wagonjwa picha ya mishipa ya moyo saa za mwanzo kabisa za mshtuko, na kwa waliofika ndani ya saa 4 karibu 9 kati ya 10 mshipa ulikuwa umeziba moja kwa moja. Sasa kama kilichoziba ni damu iliyoganda, je ukiyeyusha hiyo damu mtu anapona?

Hapo ndo unakuja utafiti ambao mimi naupenda kuliko yote, unaitwa ISIS-2, majibu yake yalitoka mwaka 1988, uliongozwa kutoka Oxford Uingereza lakini wagonjwa walitoka hospitali 417 za nchi 16, jumla watu 17,187 waliofika wakiwa ndani ya saa 24 tangu maumivu yaanze. Wakagawanywa kwa bahati nasibu, sio daktari achague nani apewe nini. Kundi moja asprini kila siku kwa mwezi mmoja, kundi lingine dripu ya streptokinesi ya saa moja ambayo kazi yake ni kuyeyusha bonge la damu, kundi la tatu vyote viwili, kundi la nne vidonge na dripu visivyo na dawa, na hakuna aliyekuwa anajua kapewa kipi, si mgonjwa si daktari. Baada ya wiki 5 wakahesabu vifo vya moyo na mishipa. Waliopata dripu tupu na kidonge kitupu walikufa 13.2 katika kila 100. Asprini peke yake 10.7. Streptokinesi peke yake 10.4. Vyote viwili 8.0.

Soma tena hiyo namba ya asprini. Dawa ya kiwanda chochote, ya bei ya chini kabisa, ilifanya kazi karibu sawa na dripu ya gharama, na ukiziweka pamoja kila moja inaongeza faida yake juu ya mwenzake. Mimi kila nikipanga yale makopo kwenye shelfu naziona hizo namba.

Kuna kitu kingine ndani ya ISIS-2 ambacho watu wa huku watakielewa haraka. Wahariri wa jarida lililochapisha majibu hayo waliwaomba watafiti wachambue majibu kwa vikundi vidogo vidogo, wazee peke yao, wanawake peke yao, wenye hiki na kile. Watafiti wakaona hatari yake, kwamba ukikatakata namba sana utapata uongo, wakaweka na uchambuzi wa nyota za kuzaliwa! Ikaonekana waliozaliwa nyota ya Mapacha na ya Mizani asprini haikuwasaidia, tena kidogo iliwadhuru, wakati wengine wote ilipunguza vifo vizuri tu. Ni wazi nyota haina kazi yoyote hapo, ni bahati ya namba, na ndicho walichotaka watu wakione.

Nalisema hili kwa sababu hapa ziwani tuna vikundi vyetu vya kujitenga. Sisi tunakula samaki hatupati moyo. Huo ugonjwa wa Wahindi na wazungu. Mwanamke haupati, yeye ni presha tu. Mtu mwembamba hawezi. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, ulioongozwa na daktari wa moyo Salim Yusuf, ulichukua karibu watu elfu 15 waliopata mshtuko wa kwanza na idadi kama hiyo wasiopata, kutoka nchi 52, Afrika ikiwemo, na mambo yaliyoonekana ni yale yale kila bara: sigara, mafuta mabaya kwenye damu, presha, kisukari, kitambi, msongo, kutokula matunda na mboga, mtu anakunywa pombe au hanywi, kutofanya mazoezi. Hayo 9 yalibeba asilimia 90 ya hatari kwa wanaume na 94 kwa wanawake. Sato ni mzuri, mle, lakini kumla hakufuti presha ya 180 na pakiti ya sigara.

Kuna watu wananiambia utafiti wa nini, si daktari anajua tu. Hapana, daktari naye anaweza kuwa na hoja nzuri kabisa ikaua. Zamani iliaminika kwamba mtu aliyepona mshtuko, kama mapigo yake yanarukaruka, basi ukimpa dawa ya kuyatuliza hatakufa ghafla, si inaingia akilini? Wakapewa wagonjwa wengi sana. Ndipo utafiti wa CAST ukalinganisha dawa mbili za namna hiyo, enkainide na flekainide, na kidonge kitupu, makundi karibu sawa, 755 na 743. Mapigo yalitulia kweli. Lakini waliokufa upande wa dawa ni 63, upande wa kidonge kitupu 26. Bila kulinganisha hakuna ambaye angejua, maana mgonjwa wa moyo akifa kila mtu anasema ni moyo wake.

Na hata asprini yangu hii ina mpaka wake, naomba msikilize hapa maana nikisifia kitu kesho mtu anakuja kununua kopo zima. Kuna utafiti wa ASPREE uliotoka 2018, wazee zaidi ya elfu 19 wa Australia na Marekani waliokuwa hawana ugonjwa wa moyo wakipewa asprini ndogo kila siku. Haikuwapunguzia ugonjwa wa moyo kwa kiasi cha maana, na iliwaongezea kutoka damu. Kwa hiyo ya kila siku ni ya yule ambaye daktari kamwandikia, sio kinga ya mtaa mzima.

Tanzania yetu je? Watafiti walikaa kwenye chumba cha dharura cha hospitali kule Moshi wakawapima ECG na troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha nyama ya moyo imeumia, watu wazima waliokuja na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya 1 kati ya 5 alikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi wao waliondoka bila kupewa hata asprini. Zaidi ya theluthi ya hao wenye mshtuko walikuwa wamekufa ndani ya siku 30. Niliposoma nililia, maana hao ni wale wale wanaokuja dirishani kwangu kuulizia gesi.

Huku Mwanza utafiti mkubwa wa namna hiyo sio mgeni. Ule wa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, uliofanyika kwenye jamii 12 za mkoa huu na kutoka mwaka 1995, ulionyesha maambukizi mapya ya Ukimwi yalipungua kwa kama asilimia 40, na dunia nzima ikausoma. Watu wa vijijini huku ndo waliotoa damu zao na muda wao. Sasa nataka moyo nao upate zamu yake. Nataka ijulikane mvuvi wa Ukerewe akishikwa na kifua saa nane usiku anafika saa ngapi penye ECG, na daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa 2025 limempunguzia mtu wa Sengerema muda gani maana zamani alikuwa anangoja kivuko. Kuzibua mshipa kwa puto, alichokianza daktari Grüntzig kule Zurich mwaka 1977, kinafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, lakini hiyo ipo Dar, na nyama ya moyo haisubiri safari ya Dar.

Kwa hiyo ukimpeleka mtu, pale mapokezi usianze na habari za alichokula. Sema maumivu ya kifua, yameanza saa fulani, ametafuna asprini saa fulani, tunaomba ECG sasa hivi. Ikiandikwa kwenye kadi kwa maneno hayo hayo hata zamu ikibadilika anayepokea ataanza na saa.