Kudai pesa ulizomkopesha mpenzi mliyeachana, ukiwa Malindi

Mpenzi mliyeachana hana haja ya kukana kwamba ulimpa pesa. Atakubali vizuri kabisa, kisha aseme, "Alinipa mwenyewe, tulikuwa pamoja." Hapo ndipo madai mengi yanapozama. Mtu anafika mahakamani na taarifa ya M-Pesa, amepigia mstari kila alipotuma, na bado hajaligusa swali lenyewe: zilikuwa mkopo au zawadi? Taarifa huonyesha nani alipokea, kiasi gani na lini. Kwa nini, haisemi. Na kwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, anayedai ndiye anayethibitisha.

Kwa hiyo kabla ya chifu, wakili au maneno makali, mpate aandike mwenyewe kwamba anadaiwa. Fanya mapema, wakati bado anapokea simu zako. Ujumbe uwe mfupi, wa adabu, wenye kiasi, mwezi na sababu:

"Salama? Zile 45,000 nilizokukopesha Februari za mashine ya boti, tulisema utarudisha msimu ukiisha. Naomba tupange utalipa vipi."

Akijibu "nivumilie hadi mwezi wa kumi," umepata kitu kizito. Neno deni hajalitaja, lakini aliyepewa zawadi haombi muda wa kuirudisha. Usichanganye humo habari za nani alimwacha nani, kwa sababu mazungumzo yote huenda yakasomwa, pamoja na matusi yako. Usiyafute, na simu yenyewe usiiuze. Ukichapisha picha za skrini, ambatisha cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: karatasi inayoeleza ujumbe ulitoka kwenye simu gani, ya nani, na ulichapishwaje. Wengi hukisahau, na upande wa pili huanzia hapo hapo kupinga.

Kisha punguza orodha. Pesa za saluni, nauli ya Mombasa, nguo za Idi na chakula cha jioni Watamu ziache. Ukiziweka pamoja na mkopo wa kweli, unamsaidia mwenzako kuonyesha kwamba kutoa ilikuwa desturi yenu. Dai moja la 45,000 lenye ujumbe wake lina nguvu kuliko 130,000 za vipande vipande. Angalia pia pesa ziliingia wapi. Laini ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha dadake, au ukiwa ulilipa moja kwa moja kwenye till ya duka la vipuri, jina lake halitaonekana popote kwenye taarifa. Hapo utahitaji risiti ya duka, au ujumbe alioandika akikuomba ulipe huko.

Mkikubaliana kukaa mbele ya mzee wa mtaa au chifu, andikeni: majina na namba za vitambulisho, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe za kulipa, na kwamba akikosa tarehe moja salio lote linadaiwa papo hapo. Mashahidi wawili, wasiwe wote wa upande wako. Tarehe ndizo zinazovunja makubaliano mengi ya hapa. Dereva wa tuktuk anayetegemea wageni akiahidi 10,000 kila mwezi kuanzia Mei, wakati wa masika na hoteli nyingi zimefungwa, ahadi hiyo imekufa siku ileile. Mvuvi naye kusi likivuma hatoki baharini atakavyo. Afadhali 2,000 miezi ya shida, na kiasi kikubwa kuanzia Desemba wageni wakijaa.

Polisi si wakusanyaji wa deni. Kosa la kujipatia pesa kwa udanganyifu linahitaji uongo kuhusu jambo lililokwishapita au lililopo. Aliyekuonyesha hati bandia ya kiwanja anaingia humo. Aliyesema "nitakulipa" akashindwa, haingii. Na ukitishia kuanika picha zenu za faragha ili alipe, umegeuka wewe mshtakiwa: kuzisambaza peke yake, kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, ni faini ya hadi 200,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Kwa kadhi nako watu huenda bure. Mahakama yake inahusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu. Mkopo wa wapenzi haumo. Mahari ni habari nyingine.

Ikishindikana, mpe barua ya madai yenye siku 14, kisha ulizia masjala ya mahakama kuhusu Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi 1,000,000, unaweza kwenda bila wakili na kujieleza kwa Kiswahili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kinachochelewesha ni wito, ile karatasi ya kumwita mahakamani. Kama amehamia Lamu na hujui anakaa Langoni au Mokowe, omba wito upelekwe kwa WhatsApp. Kanuni za 2020 za mashauri ya madai zinaruhusu.

Hukumu si pesa mkononi. Nguo, vyombo vya kupikia, kitanda na vifaa anavyotegemea kwa kazi yake havikamatwi. Mshahara, theluthi mbili haziguswi. Gereza la madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni, lipo, hadi miezi 6, lakini anayedai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa, na deni linabaki palepale akitoka. Mimi ningelifikiria mwisho kabisa.

Deni la makubaliano hudaiwa ndani ya miaka 6, na malipo ya sehemu huanzisha hesabu upya. Kwa hiyo akituma hata 500, usiirudishe kwa hasira. Mjibu siku hiyohiyo: "Nimepokea 500 ya deni la 45,000. Limebaki 44,500."