Kahawa kwa Tanga, Kutoka Ujiji Hadi Kagunga

Mwaka 2009 meli ya Tres Hombres, isiyo na injini, ilianza safari zake za mizigo, ikivusha bidhaa kama kahawa na kakao kutoka Karibi hadi Ulaya kwa nguvu ya upepo, na mfano huo ndio ulionitia moyo kupeleka kahawa ya arabika ya Manyovu, mkoani Kigoma, kwa mashua ya tanga. Wakati wa kiangazi kusi huvuma kwenye Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini, hivyo chombo kinachotoka Ujiji kwenda Kagunga husukumwa na upepo bila kuchoma mafuta.

Jambo lililonihangaisha zaidi ni harufu, kwa kuwa kahawa mbichi, yaani isiyokaangwa, hunyonya kila kilicho karibu nayo, na mashua zetu nyingi hubeba dagaa. Nahodha, mzee ninayemheshimu sana, aliisugua mashua kwa majivu na maji ya moto. Tukatandika mikeka mipya, tukafunika magunia kwa turubai, maana unyevu wa punje ukizidi asilimia 12.5 ukungu hunyemelea. Tulipofika nilifungua gunia, nikanusa punje kiganjani: zilikuwa kavu, za kijani kibichi, bila dalili ya samaki. Wauza kahawa wa vibarazani, ambao hukaanga wenyewe, wameshaagiza nyingine, nami natafuta turubai zito zaidi kabla kusi haijatulia.