Ugali hauna kesi: fundi cherehani nilivyokipunguza kiuno

Niseme mapema tusipotezeane muda: ugali sikuacha. Wali sikuacha. Chapati ya Jumapili ipo palepale. Wale waliokuwa wananiambia "fundi, achana na ugali uone maajabu" ndio wanaoona maajabu sasa, maana ugali naula na sketi zangu nimeshazibana mishono mara ya pili.

Ofisi yangu iko Ilala, Dar es Salaam, nashona nguo za kike. Zamani nilikuwa na cherehani ya miguu, baadaye nikapata ya umeme, na tangu hapo kazi ya mguu ikawa kugusagusa pedeli tu kama dereva aliyekwama kwenye foleni. Asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili. Saa nne anapita mama wa sambusa. Mchana zege, yaani chipsi mayai, na soda, kwa sababu zege unaweza kulila huku mkono mmoja umeshika kitambaa. Usiku ndiyo chakula chenyewe sasa, na familia. Nikanenepa nimekaa, na kwetu mtu akinenepa anapongezwa, kwa hiyo nami nikapokea pongezi.

Siku moja nimempeleka mtoto zahanati, muuguzi akanitazama, akaniambia na wewe mama leta mkono. Namba ya juu ilivuka 150, ya chini ilivuka 95. Daktari akanieleza kuwa ikifika 140 kwa 90 na ikawa inarudia hivyo, hiyo tayari ni presha. Dawa hakunipa siku ile. Alisema punguza chumvi, tembea, punguza hilo tumbo, urudi tupime tena. Tumbo linapunguzwaje hakunieleza, na watu nyuma yangu walikuwa wengi. Maelezo nikayapata mtaani, ambako hakuna foleni.

Mtaani kila mtu ni daktari. Acha ugali. Kunywa maji ya moto na limao. Jifunge mkanda. Usile baada ya saa kumi na mbili jioni. Kula matunda tu. Hilo la matunda nilijaribu, na lilinishinda kwa sababu ya kazi yangu: kufika saa tisa mchana mikono inatetemeka, macho yanaona nyuzi mbili, sindano ikapita kwenye kucha ya kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Kama hujawahi kushonwa na cherehani ya umeme huwezi kujua ninachosema. Jioni ile nilikula ugali na dagaa kwa mkono wa kushoto.

Lakini habari yenyewe ni ya chai.

Shoga yangu mmoja, ambaye pia ni mteja, aliniletea boksi la chai ya kukata tumbo. Elfu ishirini na kitu, na akaniambia hiyo ni bei ya undugu. Unakunywa kikombe usiku, asubuhi unaamka mwepesi. Nikanywa Ijumaa. Nikaona isinipite hivihivi, nikaloweka pakiti mbili.

Jumamosi ndiyo siku kamati ya harusi wanakuja kujaribisha sare. Ofisi imejaa wanawake, kila mmoja na kitenge kilekile. Mmoja nimempandisha juu ya stuli nipime pindo, pini nimezibana midomoni, nimepiga magoti. Tumbo likanguruma. Si ile ya njaa. Wote wakanyamaza, maana lilisikika. Nikajifanya nimekohoa, na kukohoa una pini mdomoni ni jambo la hatari, usijaribu.

Choo chetu kiko nyuma, tunachangia na fundi simu na saluni, na ufunguo hukaa saluni. Nikatoka mbio bila hata kusema samahani. Kufika saluni, binti mwenye ufunguo ametoka kwenda kununua chipsi. Naambiwa "subiri dada, anakuja sasa hivi". Hiyo sasa hivi ilikuwa ndefu. Nilisimama nimeshika nguzo, miguu nimeikunja namna ambayo mteja mmoja aliyekaa kwenye draya aliacha kusoma simu yake akanitazama mimi.

Nikarudi ofisini, yule wa kwenye stuli bado yuko juu na pindo la upande mmoja. Nikapiga magoti, nikabandika pini mbili, likanguruma tena. Mara ya tatu narudi, wanawake wamesogea wote upande wa mlango. Mmoja akauliza, "Fundi, una kijacho?" Mwingine akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya chini, "Isije ikawa kipindupindu." Lile gauni la kwenye stuli lilishonwa pindo limeenda upogo, na lipo kwenye albamu ya harusi ya watu mpaka kesho.

Jioni, nikiwa nimekauka midomo, nikapita kwa kijana wa mizani pale barabarani, nikampa mia mbili. Nimepungua kilo mbili! Nilifurahi hadi nikamwachia chenji. Jumatatu nimekunywa maji, nimekula, nikapanda mizani ileile, kilo zote mbili zimerudi.

Ndipo nikasoma boksi. Kati ya maneno yote yale, kitu chenyewe kilikuwa sanamaki. Sanamaki! Bibi yangu alikuwa anatunywesha majani hayo tukifunga choo, na sokoni Kariakoo unauziwa fungu kwa hela ya mboga. Inakoroga utumbo mpana, na chakula kinapofika huko nguvu yake kubwa imeshafyonzwa kwenye utumbo mdogo. Unachomwaga ni maji na chumvichumvi za mwili. Mafuta ya tumboni hayana habari. Na si kitu cha kunywa kila siku. Shoga yangu nilimrudishia boksi, na hela yangu sikuipata, kwa hiyo gauni lake linalofuata nilimkatia bei kamili.

Aliyenisaidia kweli ni binti yangu wa kidato cha tatu, na wala hakuwa anajaribu kunisaidia. Alikuwa anasoma kwa sauti kuhusu vyakula: wanga gramu moja inatoa kalori 4, protini 4, mafuta 9. Nikamwambia hebu rudia hiyo ya mafuta. Tukaangaliana, tukaangalia dumu la lita tano chini ya meza.

Hesabu akaipiga yeye. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo zaidi ya kalori 8,000. Dumu zima, 41,000 na kitu. Kwetu tuko watano na dumu lilikuwa linaisha kwa wiki tatu. Gawa kwa siku 21, gawa kwa watu watano: karibu kalori 390 kila mtu kila siku, kwa mafuta peke yake, kabla hujahesabu ugali wala samaki. Na hayo ni ya nyumbani tu. Ya kwenye zege na sambusa hayamo humo. Mimi nilikuwa nalaumiwa ugali, ambao unga wake gramu 100 ni kama kalori 360 na unashiba mpaka jioni, huku kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120 na tumbo halijui kama kimepita.

Basi tukafanya hivi: dumu jipya likinunuliwa, tunalizungushia kipande cha uzi mwekundu mahali mafuta yanapotakiwa kuwa yamefika kila mwisho wa wiki. Yakishuka chini ya uzi kabla ya Jumapili, hakuna kukaanga mpaka Jumatatu. Hakuna anayehesabu kitu kwenye sahani, dumu ndilo linahesabu. Watoto ndio wakawa askari, ukigusa dumu wanakuuliza unakwenda kupika nini. Sasa hivi dumu linavuka mwezi na siku kadhaa.

Mume wangu alilalamika, alisema mchicha unakwaruza koo. Nikaongeza nyanya na kitunguu, funika sufuria, mboga itoe maji yake, limao mwishoni. Siku ya nazi, mafuta ya dumu hayaingii, kwa sababu nazi nayo ni mafuta. Samaki anachomwa. Vile vikolezo vya kipande nimeacha, ni chumvi tupu, na Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu. Wiki ya kwanza chakula hakina ladha, vumilia tu, ulimi unarudi.

Sukari nayo. Wanasema kijiko cha chai ni gramu 4, lakini hicho ni kilichosawazishwa, na mimi sijawahi kusawazisha kijiko tangu nizaliwe. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vitatu vya mlima. Soda ya chupa ile ya kioo ya mililita 350 ina karibu gramu 37, ambayo ni kama vijiko tisa. Nilipunguza nusu kijiko, nikazoea, nikapunguza tena. Soda nimebakiza ya kwenye sherehe.

Kwenye sahani nilichobadili ni mpangilio. Mboga na maharage nusu, ugali robo, samaki au dagaa au yai robo. Protini na nyuzinyuzi ndizo zinanishikilia mpaka saa kumi bila kumwita mama wa sambusa. Bado tunasalimiana vizuri, nanunua siku mojamoja asije akaninunia.

Kuhusu mazoezi, hapa ndipo watu wanadanganyana sana. Natokea Tabata, nashuka Buguruni, natembea Barabara ya Uhuru hadi Ilala, mwendo wa kuongea unaweza lakini kuimba huwezi. Nusu saa hivi. Siku tano za kazi inafika dakika 150, kiwango cha chini kinachotakiwa kwa wiki. Mvua ikinyesha napanda gari mpaka mlangoni, sina ushujaa huo wa kupishana na bodaboda kwenye matope. Lakini usitembee ukidhani unalipia chapati. Mtu wa kilo themanini na kitu akitembea kilomita moja anaunguza kama kalori 60, na chapati ya mafuta kubwa inafika 300. Kwa hiyo ni kilomita tano kwa chapati moja, na hapo hujanywa chai. Kutembea kumenisaidia usingizi, kumenisaidia magoti, na nina hakika kumeisaidia presha. Tumbo limesaidiwa zaidi na dumu.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: ukila pungufu, mwili unakula na misuli pia, hauli mafuta peke yake. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, kabla ya kuwasha cherehani, nasimama na kukaa kwenye stuli bila kushika meza mpaka mapaja yanawaka, halafu naegemea meza ya kukatia na kujisukuma. Majora ya vitambaa nayabeba mwenyewe, kijana wa mkokoteni ameshanichukia.

Mizani nimeiacha. Ya kijana wa barabarani inasoma hivi, ya zahanati inasoma vile, na siku nyingine maji tu ya mwilini yanakutia huzuni bure. Mimi nina futi shingoni kutwa nzima, nihangaike na mizani ya nini? Pima asubuhi kabla hujala, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kwanza. Usivute tumbo. Najua wanaovuta tumbo, ndio wanaorudi kuniambia gauni limebana. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni onyo na 88 ni hatari kubwa. Mwanaume ni 94 na 102.

Na kama huna futi, chukua uzi, kata urefu wako kutoka kisigino hadi utosini, ukunje mara mbili. Huo uliokunjwa ukizunguka kiuno ncha zikagusana, uko vizuri. Wateja wangu wote nimeshawapima hivyo, hata wasiotaka. Mimi nilianza na inchi 41, sasa ni 36, na uzi wangu unataka 32. Mwezi mzima nilikaa kwenye 38 bila kusogea, nikakasirika, nikala zege, nikaendelea. Presha mara ya mwisho ilisoma 132 kwa 84, daktari akasema endelea hivyohivyo na uje upimwe. Wewe mwenye dawa zako usiziache kwa sababu ya maneno ya fundi cherehani.

Kinachochosha ni watu. "Fundi umekonda, unaumwa?" "Kwani shemeji hakutunzi?" Mama mkwe alinipigia kutoka Morogoro baada ya kuona picha, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huko mnakula?" Nikamwambia tunakula, mama, na ugali tunakula. Hakuamini. Ametuambia Desemba twende wote, kuku wapo, karanga zipo, na mafuta ya alizeti yamekamuliwa mapya. Kule dumu halifungwi uzi. Futi nitaiacha Dar.