Kakamera ka mfukoni na video ya HD, shida wala sio picha

Haya jamani, leo niongelee hizi kamera ndogo za picha, zile za bei chee ambazo siku hizi watu wamezitupa kwenye droo kisa simu. Mimi bado nashuti video na yangu na sioni aibu. Inatoa 720p, yaani pikseli 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, yaani picha moja moja 30 kila sekunde, na mchana penye mwanga wa kutosha ukinionyesha video siwezi kukwambia imetoka kwenye kamera ya bei gani.

Kinachoziharibia jina hizi kamera ni sauti. Maiki ni katundu tu hapo mbele, basi kinachosikika ni upepo, pumzi zako mwenyewe, kidole kinasugua bodi, na ukigusa zumu ndo usiseme, kamota ka lenzi kanalia zzzz juu ya maneno ya mtu. Kuna kamera zumu inajifunga kabisa ukishaanza kurekodi, watu wanalalamika weee, kumbe wamefanyiwa hisani!

Kwa hiyo mi sauti nachukua kwa simu. Naiweka karibu na anayeongea ila isionekane, nawasha rekoda, nawasha kamera, napiga kofi moja mbele ya lenzi. Kwenye kuediti unatafuta ile fremu viganja vinakutana, upande wa sauti unatafuta ule mchomo mmoja uliochomoza juu ya mawimbi mengine, unavilinganisha, unazima sauti ya kamera basi. Klipu ikiwa ndefu sana mdomo na maneno vinaanza kuachana taratibu, maana saa za vifaa viwili haziendi sawasawa, so kata vipande vifupi tu.

Usiku sahau. Sensa, yaani kale kakipande ndani kanakonasa picha, kwenye nyingi ya hizi kamera ina kama mm 6 kwa 4.5, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, mwanga ukipungua inabidi ijilazimishe na hapo ndo unapata chengachenga kila mahali. Sogea dirishani au ongeza taa. Rangi nayo usiiachie otomatiki, chagua mwenyewe kwenye menyu kama ni jua au ni taa, la sivyo sura ya mtu inabadilika rangi katikati ya sentensi.

Na jamani acheni kuizungusha kamera kwa pupa! Sensa za kamera nyingi zinasoma picha mstari kwa mstari kuanzia juu, so ukigeuka haraka nguzo na milango yote inalala upande. Kama huna tripodi, angalia chini ya kamera kuna tundu la skrubu, karibu zote ni robo inchi, tafuta bolti fupi ya saizi hiyo, ifunge kamba, izungushie hapo kwa mkono tu usikaze sana, kanyaga kamba na mguu halafu vuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Kutikisika kwa juu na chini kunapungua sana, na vyote vinaenea mfukoni.

Memori kadi chukua yenye namba 10 ndani ya herufi C, hiyo inaandika angalau MB 10 kwa sekunde, kadi ya polepole inafanya kamera ikatishe kurekodi yenyewe. Zile zinazotumia Motion JPEG zinakula nafasi vibaya mno, kila fremu inahifadhiwa kama picha kamili, na kwenye kadi za FAT32 (aina ya mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye kadi) faili moja halivuki GB 4, so usishangae ikikata mapema. Ila kama yako inajizima kwenye dakika ya 29 na sekunde 59 sio mbovu, ni mambo ya ushuru wa Ulaya, kamera inayorekodi dakika 30 mfululizo ilikuwa inahesabiwa kama kamera ya video na inalipiwa zaidi, watengenezaji wakaona isiwe tabu, wakaikata hapo. Bonyeza tena inaendelea.